Hodi Ipigwe Wapi?

Wazee wangu, walimu, mafundi mlioacha kazi jua lingali juu, na nyinyi wanafunzi wa usanifu ambao najua mmehesabiwa mahudhurio hapo mlangoni: nitaanza na aibu yangu mwenyewe, msije mkanitangulia.

Miaka kadhaa iliyopita nilimchorea rafiki yangu nyumba nje kidogo ya jiji hili la Dar es Salaam. Kiwanja kilikuwa kikubwa, fedha hazikuwa tatizo, nami nilikuwa na kiburi cha mtu aliyetoka chuo wino wa cheti chake haujakauka. Ikajengwa. Vyumba vitano, sebule ya kuenea watu thelathini, ukuta wa mita mbili na nusu kuzunguka kiwanja, na juu ya ukuta nyaya za umeme. Mwaka jana mama yake aliugua, nikaenda kumjulia hali. Nikasimama mbele ya geti la chuma, nikapiga hodi kama nilivyolelewa. Aliyeitika ni mbwa. Nikapiga ya pili, kwa sauti ya kukaza. Wakaitika mbwa wawili. Desturi ni hodi tatu, kwa hiyo nikapiga na ya tatu. Mlinzi wa nyumba ya jirani akachungulia amwone huyo mwizi mwenye adabu. Mwisho nikatoa simu, nikampigia mwenye nyumba, nikamwambia maneno ambayo siku hizi ndiyo hodi ya mjini: "Nipo getini."

Kati yangu na mama yule mgonjwa palikuwa na geti, uwanja wa kuegesha magari matatu, mlango wa chuma, mlango wa mbao, sebule na korido. Vizuizi vyote hivyo, na bado hapakuwa na pahali pamoja pa mgeni kusimama akiwa mgeni. Nilikuwa ama nje kabisa, juani, natazamwa na wapita njia, ama ndani kabisa, viatu nimevua, nimezama kwenye kochi. Na aliyechora hivyo ni mimi.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza swali ambalo chuoni sikuulizwa hata mara moja: katika nyumba hii ninayoichora, hodi itapigwa wapi?

Tazameni lugha yetu kwanza, kidogo tu. Kiswahili hakikujisumbua kutafuta neno jipya la kutofautisha jengo na mahali mtu anapojiona yupo kwao. Kilichukua nyumba, kikaitia silabi moja mwishoni, ile ile tunayoitia shamba na soko. Nyumba huuzwa, hupangishwa, huwekwa rehani. Sijasikia mtu aliyeweka rehani nyumbani. Mtu anaweza kuwa na nyumba tatu mjini, na ukimuuliza nyumbani ni wapi akakutajia kijiji ambako hana hata kibanda cha kuku. Saruji, nondo na mabati vinatupa nyumba. Ile silabi ndiyo kazi ya mchoraji na fundi, na mimi kwa miaka mingi nilidhani inakuja yenyewe mwenye nyumba akishahamia.

Nilikokwenda kuitafuta ni Lamu. Mji wa kale wa Lamu uliingia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, mwaka mmoja baada ya Mji Mkongwe wa Unguja, na wageni wengi wakifika hupiga picha milango. Mimi nilibeba futi na daftari.

Nyumba ya mawe ya Lamu, hasa hizi za karne ya 18 wakati mji ulipokuwa na neema, haikuingizi kwa mkupuo mmoja. Kabla ya mlango kuna daka, kibaraza chenye kuta ubavuni na paa juu, na viti vya mawe huku na huku. Daka ni la njia na ni la nyumba, vyote kwa pamoja. Muuza samaki hutua kapu lake hapo. Mwenye nyumba hukaa hapo na wenzake jioni. Hodi ukiipiga, unaipiga kivulini, umekaa. Mlango ukifunguliwa unaingia tekani, kijiukumbi kilichopindwa makusudi ili jicho la mpita njia lisiende moja kwa moja hadi kwa watu wa ndani. Pana ngazi ya kupandia sabule, chumba cha mgeni, naye mgeni huyo mara nyingi alikuwa mfanyabiashara aliyeletwa na kaskazi, akingoja kusi imrudishe kwao. Alilala sabule, alikula sabule, alipanga bei zake sabule, miezi ikapita, akapanda jahazi lake bila kujua sehemu nyingine ya nyumba ile imekaaje. Na hakuona kwamba amenyimwa kitu. Alikuwa amekaribishwa mpaka pale mgeni wa namna yake anapokaribishwa.

Kisha unafika kiwanda. Wanafunzi msicheke: kiwanda hapa si mahali pa mashine, ni ua ulio wazi juu, katikati ya nyumba. Karibu nuru yote ya nyumba hushukia hapo, maana kuta za nje hazina madirisha ya kutajika. Ubavuni mwa kiwanda kuna msana wa tini, nyuma yake msana wa juu, na nyuma yake ndani. Ndiyo, chumba chenyewe kinaitwa hivyo, ndani, kana kwamba waashi walikuwa wanafundisha sarufi. Kutoka kimoja kwenda kingine sakafu inapanda kidogo, nuru inapungua, na nakshi inaongezeka. Mapambo mazito kuliko yote hayapo mbele ambako mtu baki angeyaona. Yapo mwisho kabisa, ukutani mwa wenyewe: zidaka, vile vishubaka vilivyochongwa kwenye chokaa safu juu ya safu, ambamo zilipangwa sahani na mabakuli ya Kichina. Wako waliosema vyombo hivyo hunasa jicho baya kabla halijamfikia mtu. Mimi nilichokiona ni kwamba katika nuru ile hafifu vishubaka vinakuwa na vivuli, ukuta unaonekana una kina, na chumba chembamba hakikusongi.

Kwa nini chembamba? Kwa sababu ya boriti. Dari zile zinabebwa na miti ya mikoko, na mti wa mkoko ulionyooka, wenye unene wa kubeba sakafu ya mawe na chokaa, haukupi zaidi ya mita tatu za kuvuka. Kwa hiyo vyumba vyote vina upana wa kati ya mita mbili na nusu na tatu. Urefu ndio mwashi alioachiwa uhuru. Majahazi yalipakia boriti hizo hizo yakazipeleka Oman, Bahrain na Kuwait, na ukienda kupima vyumba vya zamani vya bandari zile utakuta upana ule ule, kipimo cha msitu wa Lamu kimelala jangwani. Biashara hiyo upande wa Kenya ilikoma serikali ilipopiga marufuku kusafirisha boriti nje mwaka 1982.

Wanafunzi wangu wakisikia hivyo husema hao mabwana walikuwa na upungufu wa nondo. Huenda. Lakini nendeni mkakae katika chumba cha mita tatu, wewe umeegemea ukuta huu na mwenzako ule. Mnazungumza kwa sauti ya kawaida. Mtoto akilala katikati hamumwamshi. Sasa nendeni kwenye ile sebule niliyoichora ya watu thelathini, mkae wawili. Mtawasha televisheni ndani ya dakika tano, kwa kuwa ukimya wa chumba kile ni mkubwa kuliko mazungumzo yenu.

Kuna chumba kimoja zaidi ambacho siwezi kukipita. Nyuma au ubavuni mwa ndani kulikuwa na nyumba ya kati, na kwa mila ndimo mwanamke alimojifungulia na ndimo maiti ya mwenye nyumba ilimooshewa. Nilipoambiwa hivyo nilinyamaza. Mama yangu mdogo alifia katika fleti, ghorofa ya nne, na siku ile tuligundua kwamba jeneza halipindi kwenye kona ya ngazi. Wanaume sita walilisimamisha wima na kumteremsha hivyo, hatua kwa hatua, majirani wakigeuza nyuso. Mchoraji wa ngazi zile hakuwa mtu mbaya. Alipima sofa, akapima friji. Alichosahau ni kwamba watu hufa.

Nisije nikawauzia ndoto. Nyumba zile zilijengwa na watumwa wengi, na daraja zile nzuri za kuingia zilikuwa pia daraja za nani aishie wapi. Kulikuwa na wanawake waliokaa ndani kwa sababu hawakuruhusiwa kukaa kwingine, na kulikuwa na wengine walioteka maji na kupika bila zidaka kuwa zao. Sitaki nyumba ile irudi kama ilivyo. Ninachotaka ni kuiba elimu yake, kama mwizi anayejua cha kuchukua na cha kuacha. Na kuna jambo moja la kuongezea kwenye mizani: binti alipoolewa, wazazi walimjengea ghorofa juu ya yao, au waliunganisha nyumba mbili kwa wikio, kijichumba kinachovuka njia juu kama daraja. Alibaki kwao, akiwa na mlango wake.

Sasa nije kwa mafundi, maana naona mzee mmoja pale nyuma ameanza kuangalia saa.

Mwashi mmoja wa Lamu, mtu mzima, alinionyesha ukuta wa kale ambao mwenyewe aliupiga lipu ya saruji kwa nia njema kabisa. Ulikuwa umevimba kama ngozi iliyoungua. Akanieleza, akigonga kwa kifundo cha kidole: matumbawe yanakunywa unyevu na chumvi, na chokaa inauachia unyevu utoke. Saruji ni kaidi. Inaufunga. Maji hukaa nyuma yake, chumvi husukuma, lipu hubambuka na kuondoka na uso wa jiwe, na mbaya zaidi, vichwa vya boriti vilivyoingia ukutani huanza kuoza pale ambapo jicho halifiki. Siku ya siku dari hushuka. Chokaa ni laini, ndiyo, na baada ya miaka lazima uipake tena. Lakini ulaini huo ndio kazi yake: inachakaa yenyewe ili jiwe lisichakae.

Kuipata hiyo chokaa nako si kama kwenda dukani kununua mfuko. Hupangwa magogo, juu yake matumbawe, hutiwa moto ukaachwa uwake mpaka jiwe liwe jeupe na jepesi. Kisha hutiwa maji, ikachemka yenyewe, ikaachwa ilale. Fundi mwenye haraka hutumia chokaa iliyolala siku chache, na ukuta wake humsema baadaye kwa vipele. Na sakafu ya juu, baada ya boriti kupangwa na mawe kulazwa, ilimwagiwa chokaa ikapigwa kwa vipande vya mbao, mchana kutwa, siku baada ya siku, watu wakiimba ili mapigo yaende pamoja. Sitaki kuisifu kazi ya wale ambao hawakuwa na hiari. Nasema tu kwamba sakafu ile ni bapa na haipitishi maji kwa sababu mikono mingi iliipiga kwa kipimo kimoja, na ukiikanyaga bila viatu unyayo unajua.

Wala msidhani nasema nyumbani lazima pawe pa mawe. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliusifu mji ule kuwa miongoni mwa miji mizuri, na akasema majengo yake ni ya mbao. Wengi wa watu wa pwani hii wameishi katika udongo, fito na makuti, na makuti yaliyosukwa na mkono mzuri hupoza nyumba kuliko bati lolote nililowahi kulipitisha kwenye ramani.

Mimi mwenyewe nimekulia Magomeni, katika ile tunayoiita nyumba ya Kiswahili. Mnaijua: ukumbi katikati kutoka mbele hadi nyuma, vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto, baraza mbele, uwani nyuma penye jiko, choo na kamba za kuanikia. Kariakoo, Ilala, Temeke, zilijaa nyumba za namna hiyo kabla ya maghorofa. Tulikuwa familia tano humo, mwenye nyumba na wapangaji wanne, na tulikuwa hatuna nafasi. Lakini daraja za kuingia zilikuwepo, na zilitengenezwa kwa kitu cha bei rahisi kuliko vyote: pazia. Mlango uko wazi na pazia limeshuka, maana yake tupo, piga hodi. Pazia limefungwa fundo, mama anafagia, pita lakini angalia miguu yako. Mlango umefungwa mchana, basi humo kuna ugonjwa, ugomvi au mapenzi, nawe nenda zako. Mtoto wa miaka minne alikuwa anasoma lugha hiyo kabla hajajua herufi. Kitambaa cha mita mbili kilifanya kazi ambayo ukuta wangu wa mita mbili na nusu umeshindwa.

Baba yangu alikuwa seremala. Karakana yake ilikuwa uwani pale pale, chini ya mwembe, na ugomvi wake na mwenye nyumba kuhusu vumbi la mbao haukuisha mpaka mmoja alipokufa. Alitengeneza milango na vitanda, kwa mninga na mkongo, na mvule ikipatikana. Sijawahi kumwona akichora. Alikuwa anakwenda kwenye nyumba ya mteja, anasimama mlangoni, anapima kwa futi, halafu anapima tena kwa shubiri na dhiraa, mwili wake mwenyewe. Nikadhani ni ushamba. Siku moja nikamuuliza. Akaniambia futi inampa ukubwa wa shimo, mkono unampa ukubwa wa mtu. Kitasa chake kilikaa pale mkono unapofika bila kuinuliwa. Baraza aliyoijenga mbele ya nyumba yetu, nimekuja kuipima juzi juzi kabla nyumba haijabomolewa, ilikuwa dhiraa moja kamili kutoka chini, yaani karibu sentimita 45. Mzee akikaa, miguu yote miwili inagusa ardhi. Fungueni vitabu vya vipimo vya chuoni mtazame kimo cha kiti.

Na alikuwa na mambo yake. Hakukubali kufunga mlango bila kujua mbao ilipasuliwa lini. Mbao hunywa masika na kukauka kiangazi. Mlango ukiupiga randa wakati wa mvua ukakaa sawasawa, Septemba utacheza kwenye fremu na kugonga usiku kucha upepo ukivuma. Ukiufunga wakati wa kiangazi bila kuacha nafasi, Aprili utaung'oa kwa bega. Aliacha nafasi ya unene wa sarafu, akafumba macho, akaufungua na kuufunga mara tatu akisikiliza bawaba. Wateja waliona anapoteza muda. Lakini mimi mpaka leo nikifunga mlango usiokwaruza, nikausikia unakaa mahali pake kwa sauti moja ya chini, mwili unalegea. Sijui jina la kuliita jambo hilo katika taaluma yetu. Najua hatulipi gharama zake katika makadirio.

Turudi kwenye mabaraza. Baada ya Mapinduzi ya 1964, Unguja ilijengewa majumba marefu ya Michenzani kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Nia ilikuwa njema: maji ya bomba, umeme, choo cha ndani, kwa watu waliokuwa hawana. Walichokuta wamekosa ni chini, mahali pa kukaa bila kuwa umekwenda popote. Wakajitafutia. Leo pembeni mwa majumba yale, kama kwingineko mjini Unguja, kuna maskani, watu wamekaa, wanazungumza siasa na mpira na bei ya mchele. Mnaona walivyopaita? Maskani, makazi. Kule juu ni fleti namba fulani. Kwao wamepaita pale chini wanapokaa. Kama mimi ndiye mchoraji wa majumba yale, jina hilo lingeninyima usingizi.

Na sisi tunajenga nini sasa? Tunajenga sebule. Neno ni lile lile la sabule, chumba cha mgeni, na sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni kwamba tumechukua chumba cha mgeni tukakiweka katikati ya nyumba, tukakipa theluthi ya gharama, kisha sisi wenyewe tukahamia korido. Katika nyumba ya rafiki yangu, siku ile ya mama yake, sebule ilikuwa safi kabisa, makochi yamevikwa vitambaa, dari ya jipsamu yenye taa za rangi tatu. Hapakuwa na mtu. Familia nzima ilikuwa nyuma, kwenye kipande cha korido kati ya jiko na mlango wa uani, wamekaa juu ya mkeka wa ukindu, mlango wazi, upepo unaingia. Mita mbili kwa mita moja na nusu. Kwenye ramani yangu niliandika hapo "stoo".

Nataka mkumbuke pia jinsi watu wetu wanavyojenga. Si kwa mkopo wa mara moja. Mwaka huu msingi, mwaka wa keshokutwa kuta mpaka lenta, kisha pagala linakaa linaota nyasi mpaka fedha za kupaua zipatikane. Watu wanahamia madirisha yakiwa ya maboksi. Huo si ubaya. Nyumba inayokua taratibu inaweza kusikiliza. Unahamia vyumba viwili, unajua upepo wa jioni unatoka wapi, mtoto analilia wapi, mgeni anapenda kusimama wapi, kisha unaongeza. Tatizo ni kwamba tunafuata ramani iliyokopwa kwenye simu, ya nyumba ya nchi ya baridi, miaka kumi yote bila kuibadilisha hata mstari, halafu lawama tunamtupia fundi Maiko, kama tunavyomwita kila fundi wa kubahatisha.

Na fundi Maiko anazo zake, sikatai. Lakini nani alimwomba ubora? Mteja anabishana naye kuhusu shilingi za kupiga lipu, kisha anatoa mara kumi yake kwa marumaru za kung'aa ambazo bibi yake atateleza. Anaweka madirisha ya aluminiamu ya kusukuma, ambayo hata yakiwa wazi kabisa yamefunguka nusu. Anaziba matundu ya hewa juu ya dirisha kwa sababu yanaonekana ya kizamani, kisha ananunua kiyoyozi. Fedha za baraza hazikosekani. Zinapita tu zikienda kwenye dari.

Nimeombwa na mwandalizi niseme kuhusu milango ya nakshi, kwa kuwa mhadhara wa nyumba za pwani bila milango ni kama pilau bila bizari. Nitasema machache. Fundi wa zamani aliichonga miimo, kizingiti na mfaa wa katikati, kila kimoja kwa nakshi yake. Samaki, minyororo, mayungiyungi. Wanaowatembeza wageni wana maana tayari kwa kila ua, na baadhi ya maana hizo nadhani zimezaliwa pamoja na utalii. Kitu nilichojifunza kwa milango hiyo ni kizingiti cha chini, kilivyoinuliwa. Hupiti bila kuinua mguu. Mwili unaambiwa kwamba umevuka kabla akili haijafikiri. Leo milango hiyo inang'olewa na kuuzwa. Nimekula chakula hotelini juu ya mmoja, umewekewa kioo na miguu minne. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Hawakujua itafika siku mlango utauzwa peke yake, hauna ndani ya kufunguliwa.

Namalizia kwa rafiki yangu, maana najua mnataka kujua kama bado tunazungumza.

Nilirudi kwake na kumwomba radhi, na nikamwambia nitarekebisha kwa gharama yangu jambo moja. Tulivunja kipande cha ukuta kando ya geti, mita mbili na nusu, tukakirudisha ndani kama hatua mbili. Juu tukaweka paa dogo la makuti. Kulia na kushoto viti vya tofali na zege, kimo dhiraa moja, nilivipima kwa mkono wangu, mafundi wakicheka. Mlango mdogo wa mkongo kwa watu, mbali na geti la magari, na kizingiti cha kuinua mguu. Nyaya za umeme ziliachwa, hilo hakukubali. Jumla ya kazi haikufika bei ya kochi lake moja.

Miezi mitatu baadaye alinipigia simu, amekasirika nusu. Mlinzi sasa anashinda pale akicheza bao na mlinzi wa jirani. Mama wa maandazi ameweka beseni lake asubuhi hataki kuondoka. Shekhe akija kudai mchango wa msikiti anamalizia pale pale, jirani aliyekuwa hamsalimu miaka sita amekaa pale juzi saa nzima, na mama yake, ambaye amepona, akisikia sauti anatoka na mkeka wake kwenda kukaa kwenye kizingiti. Sebuleni, alisema, wiki nzima hajaingia mgeni hata mmoja. Akaniuliza sasa makochi yale ayafanyeje.